MREJESHO: Ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, hatimaye nimefika kwa afisa maendeleo

Wakuu habari za saa hizi. Mwezi uliopita nililia hapa kwamba kuna jamaa mtaani kwetu, huku pembeni ya Dar, anatutoza elfu thelathini kila mtu "ya fomu" ili kikundi chetu cha mama lishe kipate mkopo wa halmashauri, mkaniambia nisitoe hata mia niende kata mwenyewe. Nimeenda.

Dada wa maendeleo ya jamii alicheka kwanza, akasema fomu haiuzwi na mkopo wenyewe hauna riba, ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, ndo maana wengi bado wanadhani imekufa, na jamaa wa fomu anakula hapohapo.

Sasa shughuli ipo kwenye makaratasi jamani. Tulikuwa watano, kumbe mmoja jina la kitambulisho cha NIDA na la akaunti ya benki haviendani, Mwanaidi huku Mwanahidi kule, herufi moja tu imeturudisha nyuma wiki nzima!! Katiba ya kikundi tuliandika kwenye daftari la hesabu la mwanangu, ikarudishwa tuichape.

Jana maombi yameingia kwenye mfumo. Hela bado, ila ile elfu thelathini nimenunulia mchele.