Mlinganyo wa uzito wa sangara: TI-84, Casio au Desmos?

Mwana_Kirumba: Wadau, habari za jioni. Kwa kazi ya chuo nimepima sangara wanne pale Mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza. Urefu sm 50, 60, 70 na 80. Uzito kilo 1.5, 2.7, 4.2 na 6.5. Nataka mlinganyo wa kupata uzito nikijua urefu. Mstari mnyoofu umenipa r (kipimo cha jinsi nukta zinavyoukaribia mstari; 1 ni kamili) ya 0.99. Kuna mtu ananiuzia TI-84 iliyotumika, kile kikokotoo kinachochora grafu. Ninunue, au Casio fx-991ES Plus niliyonayo inatosha?

Nyegezi_Hesabu: Mdogo wangu, mstari wako ni y = 0.165x − 7. Mweke sangara wa sm 40 (najua haruhusiwi kuvuliwa hadi afike 50): anapata kilo −0.4! Hiyo r isikudanganye. Samaki akirefuka ananenepa na kupanuka pia, ndiyo maana uzito hufuata urefu kwa kipeo kinachokaribia 3. Casio inatosha: MODE 3, chagua A·X^B, jaza data, bonyeza AC, kisha SHIFT 1, Reg. Nimepata B, yaani kipeo, karibu 3.1, na yule wa sm 40 anakuwa kilo 0.76. Huyo sasa ni samaki.

Dada_Igoma: TI-84 raha yake unaona nukta na mkunjo kwenye skrini moja. STAT, EDIT, unajaza L1 na L2, halafu STAT, CALC, PwrReg (ndiyo ile A·X^B). Ila mdogo wako wa kidato cha sita asiiazime, mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani) unataka kikokotoo kisichopokea programu.

Ilemela_Juu: Mimi Desmos, programu ya grafu kwenye simu, bure. Unajaza data kwenye jedwali, unaandika y1 ~ a x1^b, basi. Lakini kipeo changu kimepishana na cha Casio kwenye desimali ya pili. Nani kakosea?

Nyegezi_Hesabu: Hakuna. Casio na TI hugeuza urefu na uzito kuwa logi (logarithm) kwanza, ndipo zitafute mstari. Desmos, usipowasha hali ya logi, hupunguza makosa ya kilo zenyewe, kwa hiyo samaki mkubwa anauvuta mkunjo kwake. Kwa samaki napendelea logi, maana wakubwa hutofautiana uzito zaidi kuliko wadogo. Ila wanne ni wachache mno, ongeza.

Mwana_Kirumba: Shikamoo mwalimu, nimeelewa. TI naiacha. Kesho alfajiri narudi Mwaloni na futi kamba, nikipata thelathini nitaweka data zote hapa.