Mtoto wa jicho: ni lazima akomae ndipo bibi apasuliwe?

Mjukuu wa Same: Habari zenu wakuu. Bibi yangu ana miaka 74. Jicho la kulia lina ukungu mweupe katikati ya mboni, la kushoto ndiyo linaanza. Akimimina chai anatumbukiza kidole kikombeni ajue imefika wapi, na imeshamuunguza. Majirani wanasema asubiri mtoto wa jicho akomae. Mwenyewe anaogopa, eti jicho hutolewa nje likasafishwa kisha likarudishwa. Tufanyeje?

Nesi wa Macho: Pole na kuuguza, mdogo wangu. Jicho halitolewi! Mwambie bibi hilo kwanza, maana hofu hiyo ndiyo inayowaweka wazee wengi nyumbani hadi wanaongozwa kwa fimbo, na duniani kote mtoto wa jicho ndiye anayeongoza kupofusha watu. Anapigwa ganzi ya jicho tu, anatusikia tukiongea. Daktari anapasua sehemu ndogo, anatoa lenzi ya jicho iliyochafuka, ambayo ndiyo huyo mtoto wa jicho, anaweka ya bandia. Mara nyingi haifiki nusu saa.

La kukomaa ni ushauri wa zamani, enzi lenzi ikitolewa nzima na mgonjwa akipewa miwani mizito. Siku hizi mtu akishindwa shughuli zake, kama hiyo chai, muda umefika. Akicheleweshwa sana lenzi inaweza kuvimba, presha ya jicho ikapanda na mshipa wa fahamu ukafa. Hapo hata upasuaji hausaidii.

Na apimwe, msikisie. Glakoma, ugonjwa wa macho ambao mara nyingi huletwa na presha ya jicho, nayo hula uoni taratibu kuanzia pembeni, bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Matone ya kujinunulia dukani msimtie kabisa. Mengine yana steroidi, yanapandisha hiyo hiyo presha.

Seremala: Mzee wangu alifanyiwa hospitali ya KCMC Moshi, kwenu si mbali. Bandeji ilipofunguliwa aliniuliza nimeota mvi lini. Kazi ipo kwenye matone ya baadaye, ni ya wiki kadhaa na mzee hawezi kujitia. Awepo mtu.

Mjukuu wa Same: Asanteni sana. Ana sukari pia, inazuia?

Nesi wa Macho: Ikidhibitiwa haizuii. Ila sukari huharibu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa hiyo mwombeni daktari aiangalie nayo. Mwende na kadi ya kliniki na dawa zake zote. Kwa kawaida hufanywa jicho moja kwanza, nadhani wataanza na hilo la kulia.