Nina miaka 16 nataka lena, naanzia wapi?

Wakuu habari zenu, mi nina miaka 16 nataka kujifunza gari, mzee hana neno ila kasema nipate lena (kibali cha kujifunza udereva) kwanza ndo anipe usukani, je umri unaruhusu na mtihani wake ukoje?

Jibu: Dogo umri unategemea nchi, kwingine 16 fresh tu kwingine mpaka 18, cheki sheria ya kwenu. Mzazi mara nyingi lazima asaini. Mtihani kwa kawaida ni sheria na alama za barabarani, na macho yanapimwa, kuendesha ni baadaye kwenye leseni yenyewe.

Jibu: Alama usikariri rangi tu, angalia na umbo. Pembe nane ni simama kabisa yaani matairi yasizunguke hata kidogo, pembetatu iliyopinduliwa ni mpishe mwenzako, ndo maana hata ikijaa matope au ukiiona kwa nyuma unaijua.

Jibu: Na lena sio leseni, usije ukazurura peke yako, lazima mwenye leseni akae pembeni, ukigonga bima inaweza kugoma kulipa.

Muulizaji: Shukrani wakuu, tatizo mzee huyo akikaa pembeni ana mdomo balaa 😂