Tarehe za wateja natimiza, nilizojiwekea mwenyewe zinanishinda. Nifanyeje wakuu?

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi cherehani, nina fremu Mbagala, mwaka wa sita huu. Miaka mitatu mfululizo najiambia ikifika 30 Novemba niwe nimeshona sare za shule, mashati 150 na sketi 100, zimepigwa pasi zimefungwa, shule zikifungua Januari mzazi akija anachukua anaondoka. Kitambaa nafata Kariakoo mapema kabisa mwezi wa tisa. Sasa anakuja mama na kitenge chake anataka gauni la harusi Jumamosi, sare naweka pembeni, kesho yake mwingine, nakuja kushtuka ni Disemba 15 watu wa Krismasi wamejaa na mi nina mashati 40. Mwaka jana wazazi walinipita hivihivi wakaenda kununua za dukani, hela yangu imelala kwenye majora mpaka leo.

Kinachoniuma, mteja nikimwambia Jumamosi sijawahi kumwangusha, ikibidi nakesha. Ila ahadi yangu mwenyewe kila mwaka naivunja. Nyie mliojiajiri mnafanyaje?

Mama Kuku: Pole sana fundi. Mteja atakuja kusimama mlangoni, tarehe yako haina wa kuja kuidai, shida ndo hiyo. Mi nafuga kienyeji, chanjo ya kideri kila miezi mitatu na hakuna anayenikumbusha. Kuna kipindi nikasema ntachanja wiki ijayo, ikaja nyingine, kuku 60 wakaisha ndani ya siku chache. Toka hapo tarehe nimeandika ukutani na mwanangu wa darasa la sita anaijua, ananiuliza kabla haijafika. Mtafutie sare zako mtu wa kukuuliza.

Hesabu Kwanza: Mkuu ngoja, kwa siku unatoa mashati mangapi ukiwa hushoni kingine?

Mleta uzi: Sita mkuu, umeme ukiwepo. Sketi kama tano, zile za marinda zinakula muda.

Hesabu Kwanza: Basi angalia. Mashati 150 ni siku 25, sketi 100 ni siku 20, jumla 45. Oktoba na Novemba ukitoa Jumapili zinabaki kama 52. Yani una siku saba tu za wateja wote wa miezi miwili! Hiyo tarehe ilikuwa haitimiziki toka siku unaiweka, na ndani ya moyo ulikuwa unajua, ndo maana gauni la harusi likija unaiacha bila hata kuumia. Punguza idadi mpaka uiamini.

Kijana wa Temeke: Oda za ghafla katalia tu mwezi wa kumi na wa kumi na moja.

Mleta uzi: Siwezi ndugu yangu, kodi ya fremu inatoka humohumo.

Fundi Mwenzio: Usizikatae, zipe saa zake. Mi saa 12 asubuhi mpaka saa 4 ni mzigo wangu, mteja akija anaacha kitambaa nampima anaondoka, chake nagusa baada ya saa 4. Afu kitu kingine, kata zote kwanza. Jora likiwa limefungwa halikusumbui ila ukiona makola na mikono imerundikana mezani huwezi kutulia. Shona kola zote, ndo uhamie mikono, usimalize shati mojamoja. Na tarehe yako irudishe nyuma wiki nzima kwa ajili ya umeme na kuumwa.

Mama Kuku: Hapo kwenye kukata zote kwanza nakuunga mkono fundi.

Mleta uzi: Asanteni sana, hesabu ile imenifungua macho, miaka yote mitatu nilikuwa najiita mvivu. Nimeshusha, mashati 80 na sketi 30, tarehe 23 Novemba. Nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango na mke wangu nimemwonyesha. Majora mawili yako juu ya meza, kesho saa 12 naanza kukata.