Mama abadilishe nyonga zote mbili kwa mara moja, au moja baada ya nyingine?

BintiMpwapwa
Mbukwenyi ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 61, anaishi Mpwapwa, na nyonga zake zote mbili zimesagika. Eksirei inaonyesha mfupa umegusana na mfupa, kushoto kumezidi. Kuinuka kitandani anasaidiwa, na magoti hawezi kuyatenganisha, hata kuoga imekuwa taabu. Daktari wa mifupa pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ametuambia dawa za maumivu zimefika mwisho, ni upasuaji. Kisha akatuachia swali: zote mbili siku moja, au tuanze na kushoto, kulia kufuate baada ya miezi kama mitatu.

Mama ana presha, anameza dawa na imetulia. Sukari hana. Kaka yangu mkubwa anataka zote mara moja ili gharama na kuuguza viishe. Mimi naogopa. Mama mwenyewe anasema "fanyeni mnavyoona", na hilo ndilo linaniumiza zaidi, maana mwili ni wake. Waliopitia au waliouguza, naomba mnieleze mliamuaje.

MkulimaHombolo
Pole kwa kuuguza, dada. Mimi nilifanyiwa zote mbili siku moja nikiwa na miaka 44. Zangu hazikusagika kwa umri, kichwa cha mfupa wa paja kilikosa damu kikabomoka, pande zote mbili. Nilichomwa sindano moja ya ganzi mgongoni, nikalazwa hospitali mara moja tu, na shamba la zabibu likanikosa msimu mmoja tu. Hadi leo nashukuru.

Ila nikueleze na upande wa pili. Anayefanyiwa nyonga moja, mguu uliobaki unambeba. Mimi sikuwa na mguu wa kuegemea. Mwili wote ulikuwa juu ya mikono, kwenye kile kifaa cha kutembelea cha miguu minne. Mke wangu na mdogo wangu walipokezana usiku na mchana, kugeuzwa kitandani, choo, kuvaa, kila kitu. Je, mama mabega na viganja vyake vina nguvu? Na nani atakuwa nyumbani kwa muda wote huo, si wa kupita kusalimia?

MuuguziMakole
Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Mgonjwa ambaye sijamwona siwezi kumwamulia, ila nakueleza kinachotazamwa.

Kwanza moyo na mapafu. Daktari anapochonga ndani ya mfupa wa paja na kusukuma kipandikizi (nyonga ya bandia), mafuta na uboho kidogo huingia kwenye mishipa ya damu na kufika kwenye mapafu. Mtu mwenye moyo imara huvumilia bila hata kujua. Nyonga mbili zikifuatana, mzigo huo unakuja mara mbili katika muda mfupi. Ndiyo maana wenye moyo dhaifu, mapafu mabovu au umri mkubwa sana hushauriwa moja moja. Presha iliyotulia peke yake haimzuii mama, lakini afanyiwe kipimo cha umeme wa moyo na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na daktari wa usingizi amwone mapema, si asubuhi ya upasuaji.

Pili damu. Nyonga mbili humwaga damu nyingi kuliko moja, na uwezekano wa kuongezewa hupanda. Kuna dawa ya kupunguza umwagikaji, asidi ya traneksamiki, iulizieni. Wingi wa damu upimwe wiki kadhaa kabla. Kama uko chini, upandishwe kwanza. Na wachangiaji waandaliwe: mwanaume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, kwa hiyo aliyechangia juzi msimhesabu.

Tatu damu kuganda miguuni na bonge kukimbilia kwenye mapafu. Hatari ipo kwa njia zote mbili, ila mbili kwa pamoja huiongeza. Dawa ya kuzuia mgando baada ya kubadilisha nyonga inaweza kutumika hadi siku 35. Zisikatishwe kwa sababu mgonjwa "ameshapona".

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui: unaweza kukubali zote mbili kwa sharti. Inafanywa ile mbaya zaidi kwanza, inafungwa, kisha daktari wa usingizi anatazama presha, hewa na damu iliyotoka. Mwili ukiwa sawa wanaendelea. Usipokuwa sawa wanaishia hapo, na ya pili inapangwa siku nyingine. Ombeni hilo liandikwe kwenye fomu ya ridhaa.

WaKondoa
Sisi baba tulimfanyia moja moja, kwa kuwa alikuwa na zaidi ya miaka 70 na moyo wake haukuwa mzuri. Daktari hakutupa hata uchaguzi, na nakubaliana naye kabisa. Nyonga ya kwanza ilienda vizuri.

Kilichotusumbua ni ya pili. Maumivu yalipopungua nusu, mzee akaanza kusema anajimudu. Mvua zikaingia, ikawa kilimo, kisha ada za wajukuu. Akakaa muda mrefu na nyonga moja mpya na moja mbovu, mguu uliofanyiwa ukionekana mrefu kuliko mwenzake, akipinda mgongo kuufidia. Mkichagua moja moja, tarehe ya pili pangeni kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, na fedha yake itengwe kando tangu mwanzo.

MwenyeImani
Mbona mnakimbilia visu? Huku Kongwa kuna mzee anakanda kwa mafuta na mizizi, watu wanainuka.

MuuguziMakole
Ndugu, kukanda kunalegeza misuli na kunafariji, sikatai. Ila gegedu la nyonga, ule utando unaozuia mifupa isisuguane, likishaisha halioti tena kwa kukandwa. Na nawaomba msinywe dawa isiyo na maandishi ya kilichomo. Baadhi huchanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Mgonjwa anajisikia vizuri kwa muda, lakini steroidi zikitumika sana zenyewe huua kichwa cha mfupa wa paja. Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ikimezwa kila siku na mama mwenye presha inaweza kuumiza figo.

MazoeziNzuguni
Dada, mimi natibu kwa mazoezi, na kuna neno lako moja limenishtua: magoti hayatenganiki. Mlaze mama chali, kitanda kisicho na bonde, umwombe anyooshe miguu bila kuinua kiuno. Je, mapaja yanagusa godoro? Kama moja linagusa na jingine limeinuka, moja moja inawezekana vizuri. Kama yote mawili yamekwama juu, nyonga zimekaza pande zote. Hapo ukibadilisha moja, iliyobaki itaendelea kuvuta kiuno, atasimama amepinda vilevile, na nyonga mpya haitapata nafasi ya kunyooka. Hiyo kwangu ndiyo sababu kubwa kabisa ya kufanya zote kwa pamoja, kuliko fedha.

Nyumba nayo iandaliwe mapema. Wiki 6 hadi 12 za kwanza, kutegemea alivyopasuliwa, atakatazwa kukunja nyonga kupita pembe mraba, kukutanisha mapaja kwa kupandisha mguu juu ya mwenzake, na kugeuza mguu ndani. Maana yake hakuna choo cha kuchuchumaa, hakuna kigoda wala mkeka, hakuna kuinamia mafiga. Karanga abangue amekaa kwenye kiti kirefu chenye mikono. Kitanda kikiwa kifupi, inueni kwa matofali. Kama anaswali, aswali juu ya kiti.

AreaD_2010
Kuhusu hoja ya kaka yako: vipandikizi viwili ni viwili hata vikiwekwa siku moja. Kinachopungua ni kitanda, chumba cha upasuaji, ganzi na nauli za kwenda na kurudi Mpwapwa. Kama ana bima, nendeni NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, mkaulize kifurushi chake kinalipia nini na aina gani ya kipandikizi, na kibali kiwe mkononi kabla ya tarehe. Ahadi ya maneno isiwatoshe.

Msalato Juu
Kwa nini msiende MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili? Wao kazi yao ni mifupa, na treni ya SGR sasa inawafikisha Dar kwa saa chache.

MkulimaHombolo
MOI ni wazuri, sibishi. Lakini baada ya upasuaji kuna kurudi kliniki mara kwa mara na mazoezi, na ndugu wa kuuguza wako huku. Muulizeni daktari wa Dodoma waziwazi: nyonga mbili siku moja amewahi kufanya, na huwa anafanya mara ngapi? Akisema ni nadra, hapo Dar ina maana.

BintiMpwapwa
Ahsanteni sana. Nimemlaza mama, mapaja yote mawili hayagusi godoro. Usiku nilikaa naye peke yake, bila kaka, nikamsomea majibu yenu. Ndipo akasema anachotaka: atembee mwenyewe hadi kanisani, na hataki kuingia chumba cha upasuaji mara mbili, kwa sababu akishaonja maumivu ya kwanza anajijua hatarudi. Hapo mimi sikuwa na la kubishana.

Eko imepangwa wiki ijayo. Moyo ukiwa salama tutaomba zote mbili, tukianza na kushoto, kwa sharti lile la kusimama katikati mwili ukigoma. Eko ikileta shida, moja moja, na tarehe ya pili tunaiandika kabisa. Dada yangu wa Singida atahamia nyumbani miezi miwili, na wajomba wanne watachangia damu.

Swali langu moja: choo cha nyumbani ni cha shimo. Cha kukaa napata wapi kwa bei ya kawaida?

MazoeziNzuguni
Usinunue. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, akutengenezee kiti cha chuma chenye tundu katikati na mikono pembeni, ukiweke juu ya tundu la choo. Mpime mama kwanza, kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, na kiti kizidi kipimo hicho kwa vidole vitatu au vinne, ili akikaa magoti yawe chini ya nyonga. Miguu ya kiti ivalishwe mpira isiteleze. Na aanze kukitumia sasa hivi, kabla ya upasuaji.