Nairobi Arboretum: waliowahi kwenda, tupeane uzoefu

Mwenyeji wa Wageni: Wadau, habari za leo. Wazazi wangu wanakuja kutoka Kisumu, na mzee anapenda miti kuliko watu. Nataka kuwapeleka Arboretum, ile bustani ya miti pale karibu na Ikulu. Mlikaa sehemu gani, mlikutana na nini?

Chapati Mbili: Chakula usikitandaze nyasini! Sisi tulitandika shuka, tukapanga chapati na ndizi, kumbe wenye mji wako juu. Kima akashuka bila haraka, akabeba kichane kizima, akarudi mtini kula huku anatutazama. Watoto walicheka mpaka basi. Mke wangu hakucheka. Na msiwalishe. Ukimpa mmoja karanga, umealika ukoo.

Mtoto wa Reli: Mzee atafurahi sana. Bustani ile haikuanza kama mahali pa kupunga upepo. Ilianzishwa 1907, enzi gari moshi lilipokuwa likila kuni, ili kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka. Ndiyo maana utakuta mikaratusi ya Australia imesimama bega kwa bega na miti ya kwetu. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Tukifika pale hatembei, anasimama kila mti anausoma. Vibao vingine vimefutika, basi hapo ubishi hauishi.

Mkimbiaji wa Alfajiri: Nendeni mapema, siku ya kazi. Jumapili kila mti una mchungaji wake, na wote wana sauti kubwa.

Mama Imani: Mwanangu, hao wenye sauti ndio sisi. Naishi chumba kimoja Kawangware; nikipaza sauti usiku jirani anagonga ukuta. Pale naomba, nalia, naimba, hakuna anayeniuliza. Wewe kimbia tu, tutakuombea na magoti.

Mkimbiaji wa Alfajiri: 😂 Shikamoo mama, nimenyamaza.

Wa Ziwani: Wakitaka kubwa zaidi, wavuke hadi Entebbe, Uganda. Bustani ya 1898, kama hekta 40, inateremka mpaka Ziwa Victoria, na mbega wako tele. Arboretum ni kama hekta 30.

Mwenyeji wa Wageni: Asanteni. Itakuwa Jumanne basi. Mzee anatembea na mkongojo, njia zikoje?

Mtoto wa Reli: Za juu zinatembeka vizuri. Za kushuka mtoni zina mizizi, na mvua ikinyesha utelezi si mchezo. Mbebee kiti chepesi, maana akikuta mti wa kumpendeza hapo ndipo mtakapokaa.