Mnaopandisha zilizopendwa za 1963–67 mtandaoni: majina mnakosea, spidi mnakosea, na visa mnatunga

Wakuu,

Uzi huu nimeuandika kwa hasira na sitaipunguza. Mtu anachukua wimbo wa Nairobi au Morogoro wa katikati ya miaka ya sitini, anaupandisha mtandaoni ukiwa na jina la msanii mwingine, mwaka uliobuniwa na sauti iliyopandishwa nusu toni, kisha chini yake anabandika kisa alichojitungia. Baada ya wiki chache kisa hicho kinasomwa redioni kama historia. Walioimba wengi wao wameshakufa, hawawezi kujitetea. Sasa tuambiane ukweli, wimbo kwa wimbo na kosa kwa kosa.

Tuanze na Malaika, maana huo ndio unaoteswa kuliko zote.

Kuandika "Malaika ya Miriam Makeba" bila neno jingine ni kosa. Makeba na Harry Belafonte waliutoa mwaka 1965 kwenye albamu ya An Evening with Belafonte/Makeba ya RCA Victor, na mwaka 1966 albamu hiyo ikapata Grammy ya muziki wa asili. Waliuimba vizuri mno na ndio walioupeleka duniani, hilo hakuna anayelikataa. Lakini kabla yao Fadhili William, kijana wa Kitaita, alikuwa ameshaurekodi mara mbili: karibu 1960 akiwa na Jambo Boys, halafu 1963 katika Equator Sound Studios ya Nairobi, studio ya Mwingereza Charles Worrod. Boney M wamekuja 1981, miaka kumi na minane baada ya rekodi ya Equator. Anayeweka picha ya Boney M juu ya sauti ya Fadhili ajue anamfuta mtu.

Hapo watu huruka na kusema, "Lakini Fadhili hakutunga." Wakuu, kurekodi na kutunga ni mambo mawili. Utunzi wa Malaika unabishaniwa na ubishi wenyewe ni wa kweli: wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania, kwamba aliutunga akiwa Nairobi mwaka 1945, wapo wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa, na yupo Grant Charo aliyedai kuwa ni wake. Kinachoniudhi ni mtu kuchagua mmoja, kumpambia kisa cha mapenzi chenye machozi na mahari, halafu kukiweka kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Maelezo sahihi hayazidi mstari mmoja: "Fadhili William na Equator Sound Band, 1963, utunzi unadaiwa pia na Adam Salim, Lucas Tututu na Grant Charo." Hicho tu. Mnashindwa nini?

Na tafsiri! Wimbo ni wa Kiswahili, wasikilizaji wake ni Waswahili, halafu maneno yanachukuliwa kutoka kwenye tafsiri ya Kiingereza na kurudishwa yakiwa yamepinda. Chukueni neno moja, "hukuwaza", kwenye beti la kidege. Hapo "hu-" ni ya mazoea: kila mara nakuwaza wewe. Kwa kuwa "hu-" ya mazoea haibebi nafsi, neno hilohilo likisomwa haraka linakuwa kanusho la wakati uliopita: wewe hukuwaza. Mwimbaji anayekiri kwamba hapumziki kwa mawazo anageuzwa mlalamikaji anayemlaumu msichana asiyefikiri, na wimbo mzima unapinduka. Neno jingine ni "ningekuoa". Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Makeba alipoimba "ningekuoa" alibaki na sauti ya kijana wa kiume aliyemo ndani ya wimbo, kama waimbaji wanavyofanya. Sasa yuko mtu anasambaza maandishi yenye "ningeolewa" akidhani anarekebisha sarufi. Huo si urekebishaji. Mali anayoilalamikia mwimbaji ni ya kuoa, na ukimfanya yeye ndiye wa kuolewa, shida ya mali haina tena mahali pa kukaa.

Halafu Helule Helule. Nimechoka kusoma kwamba Daudi Kabaka "aliuiga kutoka kwa Wazungu". Ni kinyume kabisa. Wimbo ni wa Kabaka, wa enzi zake za twisti pale Equator, na The Tremeloes wa Uingereza waliuchukua na kuutoa 1968, ukafika nambari 14 kwenye chati za Uingereza. Wimbo wa kijana wa Nairobi uliingia chati za London, na sisi wenyewe tunaandika kwamba yeye ndiye mwigaji. Inauma.

Bendi ya Equator yenyewe mnaiita "bendi ya Fadhili" kwenye kila kitu. Pale palikuwa na Fadhili, Kabaka, Gabriel Omolo, Charles Sonko, na wale wawili waliotoka Zambia, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Walipokezana kuimba na kupigiana magita. Kwa hiyo kusikia gita la namna ileile hakukuambii nani anaimba. Soma lebo ya santuri. Kama huna lebo, andika "mwimbaji hajatambuliwa" uwaachie wengine nafasi ya kusaidia.

Miaka nayo. Santuri nyingi za 45 (yaani mizunguko 45 kwa dakika) za Afrika Mashariki hazina mwaka kwenye lebo. Basi mtu anabuni, na anabuni hata mwaka ambao msanii mwenyewe alikuwa kaburini. Mpiga gita wa Kenya George Mukabi alifariki 1963, kwa hiyo "George Mukabi, 1966" haiwezekani, labda kama ni santuri iliyochapwa upya, na hapo useme ni chapa ya pili. Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba ya Morogoro alifariki kwa ajali ya gari 1965. Cuban Marimba ya baada ya hapo ni ya Juma Kilaza, na anayesikiliza kwa makini anazitofautisha sauti hizo mbili. Mbaraka Mwinshehe miaka ya sitini yuko Morogoro Jazz. Super Volcano, bendi yake ya baadaye iliyotoa "Shida", ni ya 1973, kwa hiyo "Shida" kwenye mkusanyiko wa 1965 ni upuuzi. Jambo Bwana ya Them Mushrooms ni ya mwanzoni mwa miaka ya themanini, na mtunzi wake anajulikana, Teddy Kalanda Harrison. Si wimbo wa jadi, wala haukuimbwa uhuru ulipopatikana.

Wengine wanajitetea kwa ISRC, namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi: "Mbona imeandikwa 09?" ISRC ina herufi na tarakimu 12. Zile mbili za mwaka, ya sita na ya saba, ni za mwaka namba ilipotolewa, si mwaka wa kurekodi. Wimbo wa 1964 uliosajiliwa 2009 utaandikwa 09. Haithibitishi lolote kuhusu studio. Bora utazame namba ya katalogi kwenye lebo, uipange na santuri nyingine za lebo hiyohiyo ambazo tarehe zake zinajulikana, na usome namba iliyokwaruzwa kwenye sehemu laini karibu na lebo. Hapo unapata makadirio, na makadirio yaandikwe "karibu 1964".

Sasa sauti, na hapa ndipo uharibifu ulipo mkubwa.

Spidi kwanza. Kosa la asilimia 6 hivi ni nusu toni nzima. Asilimia 3 tu inatosha kuibadilisha sauti ya Kabaka. Kosa baya kuliko yote linatoka kwenye pleya kuukuu za Marekani zilizotengenezwa kwa umeme wa hezi 60. Mota yake ikifuata umeme, ukiichomeka kwetu kwenye hezi 50 inazunguka kwa asilimia 83 tu, na wimbo unashuka zaidi ya toni moja na nusu. Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi. Pleya ya kwetu ikipelekwa Marekani wimbo unapanda kwa kiasi hichohicho, na nyimbo kadhaa zinazosikika kama zimeimbwa na vibushuti huenda zimepitia njia hiyo.

Kupima si kazi ngumu. Weka karatasi ya duara yenye mistari iliyopangwa kuzunguka ukingo wake juu ya sahani inayozunguka: kwa umeme wa hezi 50 ni mistari 180 kwa 33⅓ na 133 kwa 45. Imulike kwa taa ya neoni au balbu ya zamani ya waya. Nyingi za LED hazipepesi inavyotakiwa. Mistari ikisimama, spidi ni sahihi. Ikitambaa kwenda mbele, unakimbia. Njia ya pili ni mngurumo wa umeme uliorekodiwa studioni. Nairobi ni hezi 50, kwa hiyo ukiutazama wimbo kwenye programu ya kuchambua sauti, mstari wake unapaswa kuwa 50 au 100. Ukiukuta kwenye 52, umeharakisha kwa asilimia 4. Ila kwanza nyanyua sindano urekodi sekunde kumi za kimya. Mngurumo ukiwa bado upo, huo ni wa mashine yako na hauthibitishi chochote. Na msirekebishe spidi kwa kulinganisha na kinanda. Bendi hizi zilitega magita kwa masikio yao, si lazima yalingane na kinanda chako.

Sauti inayoyumba kila baada ya sekunde moja na theluthi maana yake santuri haijakaa katikati. Tundu kubwa la 45 limewekewa kipande cha kati kilicholegea. Kaza kipande, usitafute dawa kwenye kompyuta.

Sindano: santuri za 78 bado zilikuwa zikiuzwa mwanzoni mwa miaka ya sitini na zinataka sindano ya inchi 0.003. Ukitumia ya kisasa ya inchi 0.0007, inazama chini ya mfereji na kukuletea kishindo cha mchanga. Za 45 za mono zinasikika vizuri kwa sindano ya 0.001, maana ndiyo saizi ambayo mifereji yake ilikusudiwa. Na santuri ya 78 isisafishwe kwa spiriti, inayeyusha gamba lenyewe (shellac). Maji yaliyotoneshwa (distilled) na kitambaa laini vinatosha.

Mono ibaki mono. Changanya kulia na kushoto kuwa chaneli moja. Mikwaruzo ya juu-chini itapungua yenyewe bila kichujio. Kumsukuma mwimbaji kushoto na gita kulia ili iitwe "stereo" ni kudanganya watu.

Vichujio vya kelele ndivyo vinavyonikera kupita yote. Muziki wa gita wa akina Mukabi una chupa ya Fanta inayogongwa na kukwaruzwa kwenye mifuo yake. Hiyo ndiyo ngoma yao. Mlio wa chupa ni sauti fupi, kali, ya juu, na kwa programu ya kuondoa mikwaruzo inafanana na mkwaruzo. Mtu anavuta kitufe hadi mwisho, mikwaruzo inaisha na chupa inaisha, maraka zinaisha, mwimbaji anabaki kama yumo ndani ya pipa. Kisha anaandika "imeboreshwa". Hakuna kilichoboreshwa. Chukua sampuli ya kelele kwenye mfereji wa mwanzo kabla wimbo haujaanza, punguza desibeli 3 hadi 6, usizidishe. Halafu sikiliza kile kilichoondolewa, programu nyingi zina nafasi hiyo. Ukisikia chupa humo, rudi nyuma. Na faili ya kwanza kabisa, isiyoguswa, itunze ya biti 24. Kesho akija mwenye ujuzi zaidi aikute.

NYONGEZA baada ya majibu ya ukurasa wa kwanza:

Aliyesema "nyimbo hizi ni za zamani, hazina hakimiliki": nusu ni kweli, na nusu ya pili ndiyo yenye hasara. Kwa sheria ya Kenya ya 2001, rekodi ya sauti inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Rekodi ya 1963 muda wake ulikwisha mwishoni mwa 2013. Lakini utunzi, yaani maneno na tuni, unalindwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mtunzi. Daudi Kabaka alifariki 2001, kwa hiyo tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2051. Fadhili naye alifariki 2001, hesabu ni hiyohiyo kwa tungo zilizo zake. Unapochuma pesa za matangazo kwenye wimbo wa Kabaka kwa jina la The Tremeloes, au bila jina kabisa, kuna familia inayokosa haki yake leo, si zamani.

Aliyeuliza aandike nini chini ya wimbo: jina la wimbo kama lilivyo kwenye lebo hata kama tahajia ni ya ajabu, mwimbaji, bendi, lebo na namba ya katalogi, upande A au B, mtunzi aliyeandikwa kwenye lebo, mwaka au "karibu" mwaka, ni santuri ya asili au chapa ya baadaye, na ulichoifanyia sauti. Kama wimbo umegawanywa pande mbili, unganisha sehemu zote na useme umeunganisha wapi. Piga picha lebo, pande zote mbili, uiweke badala ya picha ya mrembo wa mtandaoni.

Na wale wenye chaneli ambao mmesoma mpaka hapa: Helule Helule zenye jina lisilo la Kabaka ziko nyingi mno. Anzeni kurekebisha hizo, leo.